Kwa nini chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24?

Umeuliza kwa nini mashirika ya afya ya ini yanakazania saa 24 badala ya kungoja kliniki ya wiki ya sita. Kwa sababu mtoto huambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, na kati ya wachanga wanaoambukizwa, takriban 90% hubaki na virusi maisha yote. Kwa watu wazima ni chini ya 5%. Wiki ya sita umeshachelewa.

Dozi ni ml 0.5, msuli wa paja, chanjo ya homa ya ini B peke yake. Ile ya mchanganyiko wa magonjwa matano haichomwi siku ya kuzaliwa.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni jokofu. Watu huogopa joto, kumbe chanjo hii inakufa kwa kuganda. Iweke kwenye 2–8°C, mbali na ukuta wa barafu. Ikiganda, chembe za aluminiamu zilizomo kwenye chanjo hushikana: tikisa kichupa, ukiona mashapo yanazama upesi kuliko kawaida, tupa.

Mama mwenye virusi vingi huongezewa tenofovir, dawa ya kupunguza virusi, wakati wa ujauzito. Chanjo pekee haimtoshi mtoto wake.