Mkanda wa 136 kwenye mashine ya 121

Kaka, mkanda wa inchi 136 (urefu wa mzunguko wake mzima) unaweza kuingia kwenye pikipiki ya theluji ya zamani iliyotoka kiwandani na wa 121, ila kununua mkanda peke yake hakutoshi. Ekseli ya nyuma lazima irudi nyuma kama inchi 7 na nusu, kwa hiyo reli ambazo mkanda unateleza juu yake zirefushwe, na bodi ya juu inayofunika mkanda nayo iungwe kipande. Kabla hujatoa hela, pima nafasi ya juu: meno marefu ya mpira ya mkanda yakikwaruza rejeta iliyo chini ya bodi, maji yatavuja na injini itachemka. Hatua kati ya jino na jino nayo ilingane na spoketi zako, yaani magurudumu ya meno yanayozungusha mkanda. Mikanda mingi ni inchi 2.52. Halafu weka gia nyepesi, mkanda mrefu unakula nguvu.