Shangazi, tuuze shamba kwa ajili ya kinundu cha milimita 5?

Shangazi shikamoo. Mume wangu ana miaka 46. Alianguka na pikipiki, wakampiga CT scan ya kifua. Mbavu nzima, ila ripoti inasema pafu la kulia lina kinundu cha milimita 5 "chenye ukungu kama kioo", hakina sehemu ngumu. Tangu siku hiyo halali. Mashemeji wanasema ni saratani, tuuze mikorosho kabla ya minada tumpeleke India. Nifanyeje?
Mke, Tandahimba

Marahaba mwanangu. Msiuze hata mkorosho mmoja.

Tuanze na huo ukungu. Kwenye picha, pafu lililojaa hewa huonekana jeusi na mfupa mweupe. Ukungu ni kijivu chepesi, na mishipa ya damu bado inaonekana ndani yake, kama unavyowaona watu nje kupitia kioo cha basi asubuhi ya mvua. Kinundu kigumu huificha mishipa hiyo. Ndiyo maana maneno "hakina sehemu ngumu" ni muhimu sana, na naona mashemeji wameyaruka.

Ukungu wa namna hiyo huletwa na mengi: nimonia inayopona, kovu, hata damu kidogo iliyovujia pafuni mtu alipoumia, na mumeo ameanguka juzi tu. Mwingi huondoka wenyewe. Sitakuficha, mwingine ni mwanzo wa saratani. Lakini hata huo kwa kawaida hukua taratibu, kwa miaka, si kwa wiki.

Mwongozo wa mwaka 2017 wa Fleischner, chama cha wataalamu wa picha za kifua, ambao madaktari wengi duniani hufuata, unasema ukungu mtupu wa chini ya milimita 6 kwa kawaida hauhitaji kufuatiliwa. Ukifika 6 au zaidi, CT scan hurudiwa baada ya miezi 6 hadi 12, kisha kila miaka 2 hadi itimie 5. Kinundu cha mumeo ni kama punje ya choroko. Mwongozo huo hauwahusu waliowahi kuugua saratani wala wenye kinga dhaifu, kwa hiyo kama mumeo ana VVU au anatumia dawa za kushusha kinga, amwambie daktari waziwazi.

Kama anakohoa zaidi ya wiki 2, anatoka jasho usiku au anakonda, apimwe makohozi ya TB. Kituo cha serikali hakilipishi. Asimeze dawa za TB kwa kubahatisha. Sigara aache. Na wakipuliza salfa shambani afunge pua na mdomo. Sisemi ndiyo iliyoleta kinundu, ila vumbi lile halifai kifuani.

CD ya picha itunze pamoja na hati za shamba. Daktari akitaka kurudia, atalinganisha na hiyo, na iwe CT scan tena, maana eksirei ya kawaida haioni kitu kidogo hivyo.

Leo usiku isomeni ripoti wawili, polepole. Kisha mwende kwa daktari pamoja, mumuulize: ni milimita ngapi, kuna sehemu ngumu, turudi lini? Mashemeji mtawaeleza mkirudi.