Mtume akikaa siku tatu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nawaandalia vijana wa kanisani kwetu somo kuhusu Didake, yale mafundisho ya Wakristo wa mwanzo. Nimekwama sura ya 11. Nimetafsiri hivi: mtume akija apokewe kama Bwana, lakini akikaa siku tatu ni mtume wa uongo. Mzee mmoja wa kanisa anasema "mtume" halifai hapo, maana mitume walikuwa kumi na wawili na hawakuwa wababaishaji. Niweke "mjumbe" au "mmisionari". Mwenzangu naye kila akiona "mitume" anasahihisha "watume", eti binadamu hawaingii ngeli ya miti. Nimfuate nani? Na kitabu chenyewe nikiite apokrifa, yaani kitabu cha siri?

JIBU: Marahaba. Andika "mtume", wingi "mitume". Mzee wako mheshimu, ila hapa amelipima neno la zamani kwa kibaba cha leo.

Kigiriki cha Didake kinasema apostolos, neno lile lile la Injili na la nyaraka za Paulo. Limetokana na kitenzi cha kutuma, na maana yake ni aliyetumwa. Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo. Vipo vitenzi vyetu ambavyo ukivimaliza kwa -e unampata aliyetendwa: teua hutoa mteule, umba hutoa kiumbe, shinda hutoa mshinde, yaani yule aliyeshindwa. Tuma hutoa mtume. Ukianzia kwenye tumwa unapata mtumwa, na neno hilo pwani yetu inajua lilikopitia. Paulo anajiita yote mawili kwa pumzi moja katika Warumi 1:1, mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume.

Kuhusu wale kumi na wawili, Biblia haikuwaachia jina hilo peke yao. Matendo 14:14 inamwita Barnaba mtume. Tena katika Wakorintho wa Pili 11:13 Paulo anawasema watu waliojigeuza wafanane na mitume wa Kristo, na Biblia ya Kiswahili haikuona haya kuwaita "mitume wa uongo". Didake wataalamu wengi huiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Wakati huo walikuwapo watu wakizunguka kutoka kanisa hadi kanisa, na wenyeji wakiwaita mitume. Ukiandika "mmisionari", kijana ataona kanzu nyeupe, ndevu na kengele ya misheni. "Mjumbe" ni neno zuri, tena mjumbe hauawi, lakini huku Tanzania huyo atakuja na daftari la nyumba kumi. Na ukilikwepa neno gumu, umekwepa sura yenyewe. Jina lilikuwa la heshima, kila mtu aliweza kujivika, ndiyo maana makanisa yakahitaji kipimo.

Tahadhari moja tu: usiandike "Mtume" kwa herufi kubwa likiwa peke yake katikati ya sentensi. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, Mtume bila jina ni Muhammad, na mtu akishtuka utamsikia, "Mtume!" Andika "kila mtume ajaye kwenu", herufi ndogo, na hakuna atakayechanganyikiwa.

Mwenzako na "watume" wake anasahihisha kisicho kosa. Ni kweli umbo la mtume/mitume linafanana na mti/miti, lakini upatanisho haufuati umbo: mitume walihubiri, mitume hawa, mitume wengine. Mathayo 10:2 inasema "mitume kumi na wawili", si "kumi na miwili". Linganisha na mungu/miungu, ambalo lina umbo lile lile, ila amri inasema "usiwe na miungu mingine ila mimi". Maneno mawili yamevaa nguo moja, moja likahesabiwa na watu, jingine likaachwa na miti. Sijui kama waliotafsiri walikusudia kejeli, lakini inapendeza. Na "watume" kwa masikio yangu ni kitenzi tu. Ukisema "watume waje kesho", mtu atakuuliza tumtume nani.

Kosa lako la kweli liko kwingine, na hakuna aliyeliona. Didake haisemi kwamba akikaa siku tatu ni mtume wa uongo. Inasema ni *nabii* wa uongo, pseudoprofetes. Mtume hukaa siku moja, na ya pili kukiwa na haja. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka asichukue kitu ila mkate wa kumfikisha atakapolala, na akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Unashawishika kusawazisha, mtume na mtume. Usisawazishe. Mwandishi hakuwatenga sana watu hao wawili, nasi hatuna ruhusa ya kumpangia makabati.

Hapo kwenye fedha, umeandika pesa au fedha? Weka fedha. Kigiriki kina argyrion, ambalo ni ile madini nyeupe na pia ni hela ya kutumia. Fedha yetu inabeba yote mawili bila kuongeza neno. Pesa ni ya sokoni zaidi, na madini haiyabebi.

Kuhusu apokrifa: hapana. Neno hilo kwa Kigiriki ni vitu vilivyofichwa, na Didake haikufichwa na mtu. Athanasius wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, aliviorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, kisha akaitaja Didake kati ya vitabu visivyo vya kanoni, yaani orodha rasmi ya Biblia, lakini vinavyofaa kusomewa wanaoanza kufundishwa imani. Baadaye ilipotea tu, hadi askofu Mgiriki Philotheos Bryennios alipoikuta Konstantinopoli mwaka 1873, ndani ya mswada ulionakiliwa mwaka 1056. Akaichapisha mwaka 1883. Kupotea si kufichwa. Iite maandishi ya Mababa wa Kitume, yaani waandishi Wakristo waliofuata baada ya mitume, ndiko inakowekwa. Apokrifa mwachie Injili ya Tomaso na wenzake, na hata huko andika "apokrifa", si "vitabu vya siri", la sivyo vijana watakesha wakitafuta siri.

Kwa kuwa utaingia sura ya 12, nakuongezea jambo ambalo hukuuliza. Sura hiyo ni ya msafiri wa kawaida. Apokewe, asaidiwe, asikae zaidi ya siku mbili au tatu. Akitaka kuhamia, na kama ni fundi, afanye kazi ndipo ale. Usihangaike kutafuta tafsiri ya kisomi hapo, "fundi" ni neno lenyewe kabisa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana bibi yangu alikuwa na Didake yake ya maneno machache: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Na huyo mgeni asiyetaka jembe, Didake inambandika jina, christemporos, mtu anayemfanya Kristo bidhaa. "Mfanyabiashara wa Kristo" haifai, itasomeka kama Mkristo mwenye duka, naye hana kosa. "Mlanguzi" inavuta habari za bei na uhaba ambazo hazimo. Emporos alikuwa mtu wa kusafiri na bidhaa zake, akiuza anapofika. Mimi ningeandika "mchuuzi wa Kristo", kisha ningefuatisha onyo la mwandishi kama lilivyo: jihadharini na watu wa namna hiyo.