Kabla hujaipeleka harusini: ushauri kwa mwenye kamera ya mkanda isiyo na betri

Juma lililopita kijana mmoja wa Kasulu aliniandikia kwamba amepata kamera ya zamani, ya chuma tupu, isiyo na betri wala kioo cha kuonyesha picha, na kwamba mwezi ujao ataipeleka kwenye harusi ya kaka yake. Aliniuliza swali moja tu: anunue mikanda mingapi? Nilimjibu siku hiyohiyo kwamba kwa ajili ya harusi asinunue hata mmoja. Jibu hilo lilimuumiza, nami nimeona ni haki nimweleze yeye, pamoja na wengine wenye shauku kama yake, jambo lililonipata hapa Kigoma na ambalo kwa miaka mingi sikupenda kulizungumza.

Kamera yangu ni Zorki-4, yenye lenzi ya Jupiter-8 ya milimita 50. Mjomba wangu alirudi nayo kutoka Umoja wa Kisovieti, alikokwenda kusomea uhandisi. Ilitengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, na jina lake kwa Kirusi lina maana ya mwenye macho makali. Ukoo wake unaanzia kwenye Leica II ya Ujerumani ya mwaka 1932, ambayo Wasovieti waliiiga kwa makini kisha wakaiendeleza kwa njia yao. Mjomba aliponikabidhi, mwaka 2017, alinionya nisibadilishe kamwe kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, kabla ya kuvuta mkanda, kwa sababu naweza kuharibu mitambo ya ndani. Nilimsikiliza kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa tayari nimejiona fundi.

Asiyewahi kuishika kamera ya namna hii aelewe kwamba huangalii kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha kilicho juu yake, na katikati ya kidirisha hicho kuna doa linaloonyesha taswira ya pili, iliyofifia, ya kile unachokitazama. Unapozungusha pete ya lenzi, mkono mdogo wa chuma ulio ndani husukumwa, na ile taswira ya pili husogea. Ikilala juu ya ya kwanza hadi mtu aliyekuwa na pua mbili akabaki na moja, umeshapima umbali wake sawasawa. Ni kazi ya kupendeza mno, na naungama kwamba upendezi huo ndio ulionilevya. Kwa majuma matatu nilipima umbali wa kila kitu: minazi, pikipiki, mitumbwi ya Kibirizi, uso wa mama akichambua mchele. Nilikariri kanuni ya jua, kwamba siku isiyo na wingu unaweka tundu la lenzi kwenye namba 16 na kasi ya shata inayokaribia unyeti wa mkanda, yaani sehemu ya 500 ya sekunde kwa mkanda wa 400. Niliyajua hayo yote. Mkanda wenyewe nilikuwa sijawahi kuuweka ndani hata mara moja, kwa kuwa hapa mjini sikuuona, na ule mmoja niliouagiza kutoka Dar es Salaam niliutunza kwa ajili ya siku kubwa.

Siku hiyo ilikuwa harusi ya binti wa shangazi yangu, Ujiji. Nilimwambia shangazi asimlipe mpiga picha. Naliandika neno hilo kwa uzito wake wote, maana shangazi alikuwa ameshatenga fedha, akaziondoa kwa sababu aliniamini. Nilipiga bwana harusi akitoka msikitini na wazee wake. Nilipiga mikono ya bibi harusi yenye hina, taa ikiwa nyuma yake, kwa kasi ya sehemu ya 30 ya sekunde huku nimezuia pumzi. Nilimpiga babu akimwombea dua mjukuu wake, kiganja chake kikiwa juu ya kichwa cha binti, na nilipofyatua nilijua kabisa kwamba hiyo ndiyo picha bora kuliko zote nitakazopiga maishani. Kihesabio kilipofika 36, ambapo mkanda hupaswa kukaza na kugoma, mkono uliendelea kuzunguka kwa ulaini. Nikafika 38, nikafika 40. Nilimshukuru Mungu kwa kunizidishia picha nne.

Niliupeleka mkanda Dar es Salaam kusafishwa. Ulirudi mweupe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama kioo cha dirisha. Nilimpigia simu mwenye studio, nikamtamkia maneno ambayo hadi leo nayajutia, nikamtuhumu kwamba ameunguza kazi yangu kwa dawa mbovu. Kisha nikaenda kwa mjomba kutafuta mtu wa kuniunga mkono. Mjomba aliunyanyua mkanda ule dirishani, akanionyesha pembeni, ambako namba na maandishi ya kiwanda yalikuwa yametokea meusi na safi. Akasema dawa ilifanya kazi yake vizuri, ndiyo maana maandishi haya yanasomeka. Kilichokosekana ni mwanga, kwa sababu mkanda huu haukupita mbele ya lenzi hata hatua moja. Halafu akaniuliza: "Kile kizungushio cha kushoto, ulipokuwa ukivuta mkanda, kilikuwa kinazunguka?"

Sikuwa nimekitazama.

Ndugu yangu wa Kasulu, hapo ndipo ulipo ushauri wangu wote. Kihesabio cha kamera hii huhesabu mizunguko ya mkono wako, hakihesabu picha. Ulimi wa mkanda ukichomoka kwenye kigurudumu cha kupokelea, kihesabio kitaendelea kuhesabu, shata itaendelea kulia, na hakuna taa itakayowaka kukuonya. Ushahidi pekee uko kwenye kizungushio cha kushoto, kile cha kurudishia mkanda. Ukishafunga mgongo wa kamera, kizungushe taratibu kwa upande wa kurudishia hadi kikaze, kisha vuta mkanda kwa mkono wa kulia huku macho yako yakiwa kushoto. Kikizunguka, mkanda unatembea. Kisipozunguka, fungua uanze upya, hata kama bibi harusi amesimama mbele yako. Kitazame unapoanza, kitazame katikati, kitazame kila unapotaka kupiga picha ambayo hutaki kuikosa.

Miaka miwili iliyofuata sina haja ya kuisimulia yote. Nilitoa ule mkanda mweupe, nikauweka na kuutoa mezani usiku baada ya usiku hadi nikaweza kufanya hivyo nikiwa nimefumba macho. Nilikwenda Kibirizi alfajiri, wavuvi wa dagaa wanaporudi na taa zao, nikajifunza kuacha kuhangaika na pete ya lenzi: jua likishapanda, naweka tundu namba 16 na umbali mita 5, na kila kilicho kuanzia mita mbili na nusu hadi ng'ambo kinatoka kikiwa wazi. Kwa watu walioketi chini ya mwembe nafungua tundu hatua tatu, hadi namba 5.6 (namba ikipungua, tundu hupanuka), kwa sababu uso mweusi kivulini hudai mwanga zaidi kuliko anga lililo nyuma yake, na anayepimia anga atarudi nyumbani na vivuli visivyo na macho. Nilijifunza pia kufunika lenzi ninapokuwa kwenye mtumbwi, maana pazia la shata ni la kitambaa na jua likipita kwenye lenzi laweza kulitoboa kama moto wa sigara. Na nikajifunza kufunua kabla ya kupiga, kwa kuwa kidirisha hakitakuambia kwamba lenzi bado imefunikwa. Mikanda naisafisha mwenyewe sasa. Dawa hutaka nyuzi 20, na maji ya bomba hapa kwetu ni ya vuguvugu, kwa hiyo nayalaza usiku kucha kwenye mtungi wa udongo, na asubuhi yanakuwa yamepoa vya kutosha.

Lakini hayo yote hayana faida kwa mtu mwenye haraka. Nasema hivi kwa vijana wenzangu ambao wanatamani kazi ya mkono na hawataki kupitia uanafunzi wake: msijaribie chombo kwenye siku ya mtu mwingine. Harusi ya kaka yako si shule yako. Jaribia mkanda wako wa kwanza nyumbani, uharibu, ulie ukiwa peke yako, kisha ndipo umwambie mtu kwamba wewe ni mpiga picha. Shangazi hakunigombeza hata siku moja. Alikusanya picha za simu za majirani, akazitia kwenye albamu, na kila nilipokwenda kwake albamu ile ilikuwa imefichwa ili nisione haya. Ningependelea angenigombeza. Na babu alifariki kabla sijarudi na mkanda mwingine.

Mwezi uliopita shangazi alinipigia simu mwenyewe. "Mwanangu, njoo na ile kamera ya mjomba wako unipige picha moja ya kutundika sebuleni." Nilifika Ujiji saa kumi alasiri. Alikuwa ameketi barazani, amevaa khanga mpya, ushungi umetulia. Niliweka mkanda mbele ya macho yake bila kuharakisha, nikafunga mgongo, nikaukaza, nikavuta mara ya kwanza, macho yangu yakiwa upande wa kushoto.

"Unatazama nini hapo?" akaniuliza.

"Natazama kama kinazunguka, shangazi."

"Kinazunguka?"

"Kinazunguka."

Akanyoosha mgongo, akaigeukia lenzi.