Njooni Januari, Msije Agosti

Sarrión, Teruel, Hispania
23 Novemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima wa afya pamoja na mumeo na mjukuu wangu. Sisi huku hatujambo, ila baba yako anasumbuliwa na goti kama kawaida yake baridi inapoanza, na asubuhi ya leo ilibidi amwagie vioo vya gari maji ya vuguvugu ndipo barafu iachie.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sikutaka kukujibu kwa simu, kwa sababu kwenye simu ningesema "njooni" kabla hujamaliza kuuliza, kisha ningelala nikijilaumu. Umeniuliza kama inafaa muhame Valencia mje kuishi huku mlimani, mtoto akulie hapa kama ulivyokulia wewe, kwa kuwa kodi ya nyumba hupanda kila mkataba unapoisha, kwa kuwa mumeo anaweza kufanya kazi yake popote penye intaneti, na kwa kuwa tangu mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024 hupati usingizi mvua ikianza kunyesha usiku. Hayo yote nayaelewa. Moyo wangu unataka mje kesho. Hata hivyo ninawaomba msiamue lolote mpaka mtakapokuwa mmekaa nasi majuma mawili ya Januari, nyinyi watatu, na mtoto akiwemo.

Tangu ulipoondoka kwenda kusomea uuguzi, umekuwa ukija Agosti, na mumeo hajawahi kuuona mji huu nje ya mwezi huo. Agosti wajukuu wa watu waliohama hurudi kutoka Valencia, Barcelona na Zaragoza, madirisha yote hufunguliwa, uwanjani hupangwa meza ndefu, fahali hukimbizwa usiku na moto ukiwaka juu ya pembe zake, na mtu aliyepanda kutoka kwenye joto la pwani akihitaji sweta saa nne za usiku hudhani amefika peponi. Kisha Septemba huingia na madirisha hufungwa moja baada ya jingine. Katika mtaa wetu kuna nyumba kumi na moja, lakini majira ya baridi moshi hutoka kwenye nyumba nne tu. Mtu atakayehamia hapa ataishi na zile nyumba nne.

Bibi yako wa Lushoto haamini mpaka leo kwamba huku ni baridi kuliko kwao. Huniambia kwamba Lushoto iko juu zaidi, na kwa hilo hakosei, kwa maana Lushoto iko kwenye mita zipatazo 1,400 na Sarrión haifiki hata 1,000. Lakini Lushoto iko jirani na ikweta, sweta la Juni linatosha na Oktoba umelisahau, ilhali sisi tuko kaskazini sana, tumetengwa na bahari kwa milima, na usiku wa anga safi ardhi hupoteza joto lake lote kama nyumba isiyo na paa. Kule Calamocha, ndani ya mkoa wetu huuhuu wa Teruel, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri tarehe 17 Desemba 1963. Hapa kwetu hatufiki huko, ila usiku wa nyuzi saba au nane chini ya sifuri hatuuhesabu kuwa habari.

Januari 2020, wewe ukiwa Valencia unafanya mitihani, ilikuja ile dhoruba waliyoiita Gloria. Theluji ilikuwa nzito na yenye maji, ikalemea nyaya mpaka zikakatika, na vijiji vingi vya mkoa vikakaa bila umeme kwa siku kadhaa. Nilikudanganya kwenye simu kwamba hatujambo kabisa. Ukweli ni kwamba tulilala sote sebuleni mbele ya jiko la kuni, na bibi wa nyumba ya pili, yule ambaye nyumba yake hupashwa joto kwa umeme mtupu, tulimchukua akalala nasi usiku tatu. Alikuja na mkoba wa dawa zake na mkate chini ya kwapa, akakaa kwenye kiti cha baba yako bila kuombwa. Usiku wa pili alinieleza jinsi mama yake alivyowasimulia vita vya Teruel, vile vilivyoanza Desemba 1937 wakati Wahispania walipopigana wenyewe kwa wenyewe, ambamo askari wengi waliponzwa na baridi, wakakatwa vidole vya miguu. Nimekaa katika nchi hii miaka mingi, lakini naona ni usiku ule ndipo nilipoacha kuwa mgeni kwa bibi yule. Sasa akipika huniletea, na akiweka nyama ya nguruwe huniambia kabla sijashika bakuli.

Hilo la nguruwe nalo mumeo alijue mapema. Ham ya Teruel, yaani paja la nguruwe lililokaushwa, ndiyo fahari ya mkoa, na majira ya baridi ukoo mzima hukusanyika kuchinja na kutengeneza soseji za mwaka. Sisi tusiokula hatubughudhiwi, lakini karamu nyingi utakaa nazo kwa mkate, jibini na zeituni, na nyama ya halali bado tunaisafirisha kutoka Valencia na kuijaza kwenye friza, kama ulivyokuwa ukituona tukifanya ulipokuwa mdogo.

Kuhusu matibabu, wewe ni muuguzi na utanielewa upesi. Daktari wa kawaida tunaye hapa mjini, na ni mwema, anajua majina ya wagonjwa wake na ya mbwa wao. Tatizo ni mpaka. Sisi ni watu wa jimbo la Aragón, na Valencia ni jimbo jingine, kwa hiyo ugonjwa ukiishinda hospitali ya Teruel tunapelekwa Zaragoza, ingawa Valencia tunayoiona kila wikendi iko karibu nusu ya umbali huo. Nilipofanyiwa upasuaji wa jicho, baba yako aliendesha gari safari nne, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, mara moja katika ukungu mzito kiasi kwamba tulifuata taa za lori mbele yetu. Mkiwa na mtoto mwenye pumu, kama alivyokuwa mwaka jana, jambo hili mlipime kwa utulivu. Na bila gari huku huishi. Basi lipo, lakini halikungoji wala halikufuati.

Nyumba nazo zitawashangaza. Mtu akipita mtaani Februari na kuona milango iliyofungwa hudhani nyumba zinatafuta watu, kumbe sivyo. Nyingi ni mali ya warithi sita au saba waliotawanyika mijini, hawauzi kwa kuwa hawakubaliani na hawapangishi kwa kuwa wanazitaka Agosti. Zilizobaki zinagombewa, kwa sababu mji wetu, tofauti na vijiji vingi vya jirani, una kazi. Mtakaa kwetu kwanza. Chumba chako kipo, ila ukuta wa kaskazini unapitisha baridi na baba yako anataka kuuziba kabla hamjafika.

Hapo kwenye kazi nataka umsomee mumeo, kwa sababu hajaona. Mkoa wa Teruel ulikuwa na watu wapatao 250,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, na leo hawafiki 140,000. Wengine waliondoka miaka ya 1940, wakati serikali ilipokuwa ikipambana na wapiganaji wa msituni na wakulima wa mashamba ya mbali wakalazimishwa kuyahama makazi yao. Wengi zaidi waliondoka miaka ya 1950 na 1960 kufuata viwanda vya pwani. Waliobaki walifika mahali pa kuanzisha chama kiitwacho Teruel Existe, maana yake Teruel ipo, mwaka 1999, na tarehe 31 Machi 2019 maelfu ya watu wa mikoa iliyoachwa tupu wakaandamana Madrid. Hebu fikiria watu kulazimika kuiambia serikali yao kwamba wapo. Mimi niliyetoka mbali jambo hilo liliniuma kama ni langu.

Sarrión iliokolewa na trufa nyeusi, ule uyoga unaokua ndani ya udongo kwenye mizizi ya mialoni. Wazee walikuwa wakiutafuta porini, kisha wakajifunza kuupanda: miche huambukizwa vijimbegu vya uyoga ikiwa kitaluni, hupandwa kwenye udongo wa chokaa ambao hautakubali mazao mengi mengine, halafu mtu hungoja. Mialoni yetu tuliipanda mwaka 2011, utakumbuka ulivyochubuka viganja kwa kubeba mawe. Baada ya miaka kama mitano nyasi zikaanza kufa kuzunguka mashina, duara tupu kama pamechomwa, na wenyeji walipopita wakatupongeza, kwa maana hiyo ndiyo dalili kwamba uyoga umeshika. Mwaka wa tisa ndipo mbwa alipokwangua kwa mara ya kwanza.

Jumamosi iliyopita nilifuatana na baba yako shambani. Udongo ulikuwa umeganda juu juu na ulivunjika chini ya viatu kama ukoko wa wali. Mbwa aliupita mti mmoja, akasita, akarudi, akakwangua mara mbili kwa mguu wa mbele kisha akasimama akiutazama mkono wa baba yako, si uso wake, kwa kuwa biskuti hukaa mkononi. Baba yako akapiga lile goti bovu, akachota udongo kiganjani, akaunusa, akachimba kwa ncha ya kisu polepole sana. Trufa aliyoitoa ilikuwa na ukubwa wa yai. Alipoikata kipande chembamba, ndani ilikuwa bado ya kahawia, haijawa nyeusi yenye mishipa myeupe, wala harufu yake haijakamilika. Akasikitika, akaniambia ilibaki wiki tatu. Ikishatolewa huwezi kuirudisha ardhini ikaiva. Alifukia shimo kwa uangalifu uleule, na sisi tukaila na mayai jioni, haina thamani ya kuuzwa.

Kwa sababu ya mashamba hayo vijana wamebaki, na wengine wamerudi wakiwa na shahada zao. Shule ina watoto, jambo ambalo vijiji vya jirani wanalililia. Mjukuu wangu hatakosa wa kucheza nao, ingawa sekondari atapanda basi la asubuhi kwenda Mora de Rubielos kama wewe, gizani, miezi ya Desemba na Januari.

Nimebakiza jambo ambalo hukuuliza waziwazi, lakini nililisoma katikati ya mistari yako. Umeandika "akulie kama nilivyokulia mimi", nami nakumbuka jinsi ulivyokulia. Ulikuwa na miaka tisa, mtoto mweusi pekee darasani. Nakumbuka mzee mmoja dukani alikusugua mkono kwa kidole gumba ili aone kama rangi inatoka, na ulipofika nyumbani ukanawa mkono ule kwa sabuni mara mbili. Sikujua la kukwambia siku ile, na hilo limenikaa moyoni. Nakumbuka pia swali ambalo wazee wa hapa humwuliza kila mtoto wasiyemtambua: wewe ni wa nani? Ni swali lilelile ambalo Lushoto ungeulizwa na kila mtu mzima unayepishana naye njiani, na pale ungekuwa na jibu la vizazi vinne. Huku ulinyamaza, kwa kuwa jina la baba yako halikuwa na maana kwa yeyote.

Mwaka huu, Agosti, nilikuwa nimesimama nyuma yenu pale kwenye foleni ya mkate. Mwanamke mmoja aliyekuja likizo alimwinamia mwanao akamwuliza swali hilo, na kabla hujafungua mdomo mwokaji akajibu kutoka nyuma ya kaunta kwamba ni mjukuu wa wale Watanzania wenye mialoni ya njia ya mtoni. Wewe ulikuwa unatafuta sarafu na sidhani kama ulisikia. Mimi nilisikia. Ndiyo sababu ninatamani mje, na ndiyo sababu sitaki mje kwa kukimbia kodi peke yake, kwa kuwa watu wanaokuja hivyo huondoka kodi inapokuwa nafuu, na mtoto huwa ameshaanza kujulikana. Kujulikana huko nako kuna uzito wake: mkigombana na mumeo usiku, asubuhi muuza dawa atakuwa amepata habari.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Chukueni likizo kuanzia tarehe 10 Januari. Mumeo alete kompyuta yake afanye kazi siku nzima akiwa hapa, aone kama intaneti inamtosha na kama anaweza kuvumilia jua likizama mapema na njia ikiwa haina mtu. Wewe nenda ukazungumze na wauguzi wa kituo cha afya, wakueleze zamu zao zilivyo na barabara wanazopita. Mtoto tutampeleka shambani siku ambayo mbwa anafanya kazi. Msisafiri usiku, pale mnapoupanda mteremko wa Ragudo kabla ya kufika Barracas ndipo theluji huanza, basi mnunue minyororo ya magurudumu na mumeo ajifunze kuifunga huko Valencia, mchana, mikono ikiwa bado ina joto. Kuni zimekwisha kuletwa, zimejaa mpaka chini ya ngazi. Mleteeni mtoto viatu vinavyomzidi namba moja ili soksi mbili ziingie.

Mama yako akupendaye