Swali la lugha: "kuzaliwa nao", "kurithi" na "presha" ya mapafu

Mwalimu wa shule ya msingi mjini Moshi anauliza: "Mwanafunzi wangu ana tundu moyoni, na cheti alichopewa hospitalini kinasema shinikizo la damu katika mapafu yake limepanda. Katika taarifa ya shule, mwenzangu ameandika kuwa mtoto ana 'presha na pumu ya kurithi'. Mimi nimeandika 'ugonjwa wa moyo na mapafu wa kuzaliwa nao'. Nani yuko sahihi?"

Mwalimu, wewe umekaribia zaidi, ila sentensi yako imeunganisha mambo mawili ambayo hayakuanza wakati mmoja. Mtoto huyu alizaliwa na tundu. Tundu likiwa kubwa kati ya chemba za chini za moyo, damu ya upande wa kushoto, ambao una nguvu zaidi, huvuka kwenda kulia na kuyalemea mapafu, hata kuta za mishipa midogo ya mapafu zikawa nene na njia yake ya damu ikawa nyembamba. Shinikizo likiendelea kupanda kwa miaka, damu hugeuza mwelekeo, ile isiyo na oksijeni ya kutosha ikaingia mwilini, na midomo na kucha zikaanza kuwa za buluu. Hatua hiyo inaitwa kwa jina la daktari Victor Eisenmenger, aliyemweleza mgonjwa wa namna hiyo mwaka 1897. Kwa hiyo kasoro ya moyo ndiyo ya kuzaliwa nayo. Maradhi ya mapafu yameletwa na kasoro hiyo.

Neno "presha" linanitia wasiwasi kuliko yote. Mtu wa Moshi au Arusha akisikia "ana presha" huelewa shinikizo linalopimwa mkononi, na kipimo hicho kwa mtoto huyu kinaweza kuwa cha kawaida kabisa. Andika kwa ukamilifu "shinikizo la juu la damu katika mishipa ya mapafu", hata kama sentensi itarefuka.

"Pumu" nayo iondolewe, maadamu cheti hakiitaji. Katika pumu zinazobana ni njia za hewa, kifua hutoa mlio kama filimbi, na dawa ya kuvuta huzifungua. Atakayesoma neno hilo atamtafutia mtoto dawa hiyo, ilhali anahema kwa sababu nyingine. Wako pia watoto wanaozaliwa na kasoro nyingine ya moyo, iliyoelezwa na daktari Fallot mwaka 1888, ambao huwa wa buluu mapema zaidi, lakini kwao njia ya damu kwenda mapafuni ni finyu, kwa hiyo maelezo ya shinikizo la mapafu hayawafai.

"Kurithi" ni dai kubwa. Kilichorithiwa kimetoka kwa wazazi kupitia vinasaba, lakini mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro ya moyo kwa sababu mama aliugua rubela, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, akiwa mjamzito, na mara nyingi chanzo hakijulikani. Tusiwatwike wazazi lawama ambayo daktari hakuiandika.

Sasa upatanisho: ugonjwa wa kuzaliwa nao, magonjwa ya kuzaliwa nayo, tundu la kuzaliwa nalo, kasoro ya kuzaliwa nayo. Wengi huganda kwenye "nao" hata katika wingi, na hilo ni kosa.

Ningeandika hivi: "Mwanafunzi ana tundu la moyo alilozaliwa nalo, ambalo limesababisha shinikizo la juu la damu katika mishipa ya mapafu, akichoka au akibadilika rangi ya midomo, apumzishwe na mzazi aarifiwe mara moja."