Mwalimu, kwani sheria za Marekani zinatungwa na rais?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasubiri kuitwa kwenye usaili wa uraia. Kijana mmoja ametuuzia karatasi ya majibu kwa dola 60. Humo imeandikwa kwamba mwaka 1776 Wamarekani walimwondoa mfalme wakaweka rais, na kwamba Kongresi ndiyo inayotunga sheria. Lakini kila nikifungua simu nasikia rais katia saini amri na mambo yamebadilika. Nishike lipi? (Mama wa watatu, Iowa)

JIBU: Marahaba mama. Mbele ya ofisa sema Kongresi, yaani bunge la Marekani, wala usibabaike. Kinachoniudhi mimi ni huo mwaka 1776, na hizo dola 60.

Julai 1776 makoloni 13 yalitangaza uhuru. Lile Tangazo ni orodha ya mashtaka dhidi ya Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, na limeeleza kwa nini watu wana haki ya kuikataa serikali inayowaonea. Halikuunda cheo cha rais. Mkataba wa kwanza wa majimbo, ulioanza kutumika 1781, nao haukuwa na mkuu wa nchi wala mahakama ya taifa. Ilikuwapo Kongresi peke yake, kila jimbo kura moja, tena Kongresi isiyoweza kutoza kodi. Ilikuwa ikiomba. Jimbo likitaka linatoa, lisipotaka basi. Na kuurekebisha mkataba wenyewe kulihitaji majimbo yote 13 yakubali, kwa hiyo mmoja akigoma, wote mmekwama.

Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts walioelemewa na madeni na kodi, Daniel Shays akiwa mmoja wa viongozi wao, walishika silaha wakazuia mahakama zisikae. Serikali ya pamoja haikuwa hata na jeshi la maana la kupeleka. Matajiri wakatetemeka. Mwaka uliofuata wajumbe 55 walikutana Philadelphia (Rhode Island ilisusa), wakiwa wametumwa kukarabati ule mkataba. Wakaubomoa, wakaandika Katiba mpya, na Septemba 17, 1787 wajumbe 39 wakatia saini. George Washington aliapishwa Aprili 30, 1789. Hesabu mwenyewe, mama: karibu miaka 13 nchi haina rais.

Nang'ang'ania hesabu hii kwa sababu ndiyo inayokueleza rais wa Marekani ni nani. Waliomtunga walikuwa wameumwa na mfalme, kisha wakaumwa na serikali isiyo na meno. Wakaweka Kongresi katika kifungu cha kwanza, kirefu kuliko vyote, na rais katika cha pili. Rais anaweza kuukataa mswada, lakini mabaraza mawili ya Kongresi, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti, yakiupitisha tena kwa theluthi mbili, unakuwa sheria apende asipende. Majaji wa shirikisho anawateua yeye, Seneti inawathibitisha, na baada ya hapo hawezi kuwafukuza.

Amri unazozisikia zipo, na zinauma kweli. Ila ni maelekezo kwa watumishi wa serikali, na lazima zisimame juu ya sheria iliyopo au juu ya mamlaka ambayo Katiba imempa rais. Mwaka 1952, katikati ya vita vya Korea, Rais Harry Truman aliamuru serikali ishike viwanda vya chuma ili mgomo usisimamishe kazi. Mahakama ya Juu ilisema, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba hana mamlaka hayo. Akavirudisha.

Sasa niseme la moyoni. Kila amri ikitangazwa, simu yangu haipumziki. Mtu kaambiwa, "Rais kasaini, makaratasi yanatoka, leta pesa haraka kabla dirisha halijafungwa." Anayedhani neno la rais ni sheria papo hapo, huyo analiwa kirahisi. Na wanaotoka Congo wanaliwa mara mbili, maana kule notaire, mthibitishaji wa hati, ni mtu mzito. Hapa "notary" kazi yake hasa ni kushuhudia saini. Hana ruhusa ya kukushauri mambo ya uhamiaji hata akining'iniza vyeti ukuta mzima. Mwenye ruhusa ni wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mwombe akuonyeshe. Akinuna, ondoka. Fomu tupu zenyewe ziko bure kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji, na bado nimeona watu wameuziwa.

Maswali ya uraia pia yako bure hapohapo. Aliyewasilisha N-400, ile fomu ya kuomba uraia, kuanzia Oktoba 20, 2025 orodha yake ni ya maswali 128. Anaulizwa hadi 20, na lazima apate 12. Aliyewasilisha kabla ya hapo ana ile ya zamani ya 100. Tazama tarehe kwenye risiti yako, kisha uhesabu maswali ya karatasi ya yule kijana.